Mtumbwi wa Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Shaabani 1302

Mto Kingani umefurika na kufukua mtumbwi mkongwe katika tope la mikoko. Umelala kifudifudi, omo yake ya mbele imezama. Nimeutambua kabla sijaufikia! Ni wa marehemu baba, aliyevusha watu miaka thelathini. Mimi nilikaa omoni, nikiwaamuru abiria watulie. Nilikuwa na miaka saba, hawakunitii. Wanafunzi wangu wa leo hawanitii vilevile.

Jirani yangu Msabaha naye akafika. Asema ni wa mjomba wake, na ataufanya birika la kunyweshea punda. Punda! Nikamkumbusha kwamba baba alivusha masharifu katika chombo kile. Akajibu kwamba punda wake nao wana heshima zao.

Jumanne, 4 Shaabani

Jumbe Mwinjuma ameamua. Mtumbwi utainuliwa Ijumaa baada ya sala; mpaka hapo, asiuguse mtu.

Ameitwa Bi Hija, binti wa fundi Kombo wa Mkange. Nikamwamkia, akaitikia, akaupapasa ubavu. Gogo moja la mwembe. Mikato ya tezo imeelekea kushoto, kwani baba yake alitumia mkono wa kushoto. Kazi yake, hakuna shaka. Tena kila mtumbwi aliuchonga namba omoni. Wa baba yangu ulikuwa wa kumi na saba; hata baba mwenyewe alisema hivyo. Wa mjomba wa Msabaha, wa themanini na moja. Bi Hija hajui kusoma, lakini hesabu hizo anazikumbuka kama majina ya wajukuu wake.

Sina wasiwasi hata kidogo.

Alhamisi, 6 Shaabani

Nilikuwa na wasiwasi kidogo. Nimekwenda mtoni asubuhi, peke yangu, nikachimba tope chini ya omo. Namba ipo. Nane, kisha moja. Themanini na moja! Nimekaa topeni kwa kanzu safi.

Haiwezekani. Baba hakuwa mwongo. Basi fundi Kombo alikosea, nami ni mwalimu; kazi yangu ni kusahihisha. Nimeikwangua namba yake kwa patasi, nikachonga kumi na saba, kisha nikapaka tope juu yake. Saba yangu imekaa vizuri ajabu.

Ijumaa, 7 Shaabani

Ewe siku, laiti usingefika!

Watu kumi wameuinua mtumbwi na kuupindua, ukakaa kama unavyokaa majini. Nikatangulia kutangaza: kumi na saba! Jumbe akaniomba nisome tena. Nikasoma. Themanini na moja.

Saba yetu ya Kiarabu ikipinduliwa huwa nane, moja hubaki moja, nazo hubadilishana nafasi. Kila mtoto wa chuoni anajua. Mimi ndiye niliyemfundisha! Mtumbwi ulikuwa kifudifudi. Fundi Kombo aliandika kumi na saba. Mimi, kwa mkono wangu, nimeandika themanini na moja.

Jumbe akausifu mwandiko wa fundi. Asema unafanana na wangu.

Kisha nikatazama ndani. Tezini, upande wa nyuma, pana doa la moto, upana wa kiganja. Nilikuwa nimelisahau kabisa! Ni mimi niliyepindua chetezo cha makaa. Baba hakunipiga. Aliyamwagia maji ya mto, akacheka, akasema mtumbwi wetu sasa una kitovu.

Nikamwonyesha Jumbe. Msabaha akasema hata mjomba wake aliwasha moto. Jumbe akasema namba ndiyo namba. Ningeweza kueleza habari ya patasi. Sikueleza. Wanafunzi wangu walikuwapo wote.

Jumapili, 9 Shaabani

Mtumbwi uko uani kwa Msabaha. Hakuukata; ameujaza maji ya punda tu. Nimekwenda, eti kuwajulia hali punda. Nikatia mkono majini, nikagusa kitovu. Nikakisikia kicheko cha baba, na kasia, na abiria wakibishana.

Msabaha akasema kwa upole kwamba ikiwa Mwalimu ana neno, alitamke, naye atayamwaga maji sasa hivi na kunisaidia kuubeba.

Neno moja tu! Nikajibu kwamba sina neno. Nimekuja kuwatazama punda.

Ikanibidi niwatazame kweli. Mmoja ana chapa pajani: nane. Ajabu. Mwaka juzi nilipotelewa na punda mwenye chapa ya saba. Na huyu, kila alasiri, hugaragara mavumbini miguu juu.

Kesho alasiri nitamwita Jumbe aje asome.