Filta ya Shawa na Maji ya Chawia

Jumatatu, 3 Machi

Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo, nyumba nzima itasikia. Ngozi ya mjukuu wangu Valentine imeharibika tena. Mgongo umekuwa kama ganda la muhogo. Anajikuna mpaka analia. Wakio, mke wa mwanangu Muasya, ametangaza mezani: Jumamosi mamake anakuja kutoka Chawia, na kama vipele bado vipo, ataondoka na mtoto. Akae huko mpaka aanze shule. Eti kosa ni maji ya chumvi ya hapa Voi. Eti kwao milimani hata mbuzi ana ngozi laini.

Mbuzi!

Mtoto ana meno mawili tu. Akirudi akiwa wa kuvaa yunifomu, mimi susu yake, bibi yake mzaa baba, ataniita nani? Yule mama wa Voi?

Hapana. Haendi mahali.

Jumanne, 4 Machi

Dawa nimepata! Vincent wa duka la vifaa ana filta ya kufunga kwenye shawa. Inang'aa, ndani ina vijiwe vya rangi. Ameniambia inatoa harufu ya dawa ya maji, inatoa kutu, inatoa mchanga. Nikamuuliza, na chumvi? Akakohoa. Akasema, Mama, kila kitu kina kazi yake. Hiyo nimeichukua kuwa ni ndiyo.

Muasya ameifunga. Sasa maji yanatoka polepole, kama mtoto anayelazimishwa kusalimia wageni. Harufu ya dawa imeisha, hiyo siongopi. Lakini sufuria niliyochemshia hayo maji imebaki na weupe wake ule ule chini. Na povu hakuna. Basi nimemsugua Valentine zaidi, kwa sabuni ya mche ile ya kufulia. Sabuni ya kweli ni ile inayouma.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Nesi ni msichana mdogo, maneno mengi. Amesema filta si mbaya, inapunguza ile dawa ya maji, na wengine wenye ngozi kavu hupata nafuu kidogo. Lakini chumvi inapita humo kama mtu mwenye tikiti. Na vipele haitibu. Amesema mtoto aoshwe mara moja kwa siku, maji ya vuguvugu, bila kusugua, apakwe mafuta kabla ngozi haijakauka. Akauliza natumia sabuni gani. Nikasema ya mtoto. Mungu anisamehe, si mtoto ndiye anayeoshwa nayo?

Wakio akataka kujua nesi amesema nini. Nimemwambia ameisifu filta. Ni kweli. Nusu.

Mgongo umezidi kuwa mwekundu. Nimemsugua tena. Jumamosi inakuja mbio.

Ijumaa, 7 Machi

Kama maji ya Chawia ndiyo mazuri, si yaje Voi yenyewe! Sylus hushusha mboga kutoka huko na gari lake la probox. Nimemwagiza mitungi miwili ya maji ya chemchemi, na asimwambie mtu. Ameniuliza kama nimeingia dini mpya.

Nikapanda ngazi na goti langu hili. Nikamwaga maji yote ya tangi dogo la bafu, nikajaza ya Chawia. Wakio akatokea uani nikiwa juu! Akauliza, Mama, unafanya nini huko? Nikasema natazama kama mvua inakuja. Mbingu nyeupe kama sahani! Akanishikia ngazi nisianguke. Mtoto wa watu ana roho nzuri, ndiyo maana inaniuma.

Jioni, povu! Povu mpaka kwenye masikio ya Valentine. Muasya ameimba bafuni. Wakio amesema, kumbe hii filta inafanya kazi. Nikaipangusa filta kwa leso yangu, izidi kung'aa.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja. Mama Wakio, kikapu cha maparachichi mkononi, leso ya kumbebea mtoto begani tayari. Wakampeleka moja kwa moja kuona filta. Akakinga maji kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena. Akasema taratibu kwamba haya ni maji ya chemchemi iliyo chini ya shamba lake, ameyanywa tangu azaliwe. Akauliza filta yangu huyafikia vipi kule juu.

Nikawaza, filta gani hii, haiondoi hata ladha ya Chawia!

Nikalia. Nikasema yote: mitungi, ngazi, nesi. Wakio akashika ukuta. Mama Wakio hakunicheka. Akamvua Valentine, akamtazama mgongo, akaomba kuona sabuni. Nikaleta mche. Akasema, Mama Muasya, hiyo hata blanketi langu linaiogopa.

Nikangoja aifungue ile leso.

Akaitundika kwenye msumari wa mlango. Akasema mtoto anabaki wiki moja, kwa masharti ya nesi. Asipopona, leso inamngoja pale. Mche ameondoka nao.

Jumamosi, 15 Machi

Amepona! Mgongo laini kama ndani ya parachichi! Mama Wakio amekuja, ameondoka na leso tupu. Nilipomuaga mgeni mlangoni nikamwambia Muasya, umeona kazi ya filta?

Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe aliifungua tangu Jumapili. Ilikuwa imeziba kwa kutu, maji hayashuki, na kile kipande cha ndani kinataka kubadilishwa. Iko chini ya kitanda chake. Wiki nzima Valentine ameoga maji yetu ya chumvi vilevile.

Nimefikiri sana. Jibu ni moja. Filta ilikuwa imeshalifundisha bomba.

Nimepita kwa Vincent kuagiza nyingine, zawadi ya Mama Wakio. Kama maji ya Chawia ni matamu vile bila kuchujwa, yakichujwa je? Sylus atanipandisha nayo Jumatatu. Nimemwambia asimwambie mtu.