Ukurasa wa Kwanza Tu

Jumatatu, 3 Machi

Bingwa anakuja! Tangazo limebandikwa mlangoni asubuhi na chuo kizima cha muziki kimechanganyikiwa. Mpiga chelo, ile fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti, anayejulikana kila mahali atakaa nasi ukumbini Jumamosi. Kila mwanafunzi aliyechaguliwa atapiga mbele ya watu, naye Bingwa atamsahihisha hapo hapo, watu wakisikiliza. Nimechaguliwa! Bi Mazoezi, kama ninavyomwita mwenzangu asiyeiweka chelo chini, naye kachaguliwa, lakini hilo halina uzito.

Halafu Mwalimu akaniita pembeni. Akasema chelo ninayopiga ni mali ya chuo, ndiyo nzuri kuliko zote, na amechoka kuiona imelala kwenye mfuko wake. Jumamosi nionyeshe kwamba naistahili. Nikivurunda, inakwenda kwa Bi Mazoezi, ambaye yake ina ufa tumboni na inakoroma kama mtu mwenye mafua.

Chelo yangu! Niliikumbatia njia nzima hadi nyumbani kwa Dada. Watu walinipisha.

Tatizo ni wimbo wenyewe. Ukurasa wa kwanza ni mtamu, wa polepole, unamlainisha hata asiyejua muziki. Ukurasa wa pili ni balaa. Kidole gumba lazima kitoke nyuma ya shingo ya chelo, kikalie nyuzi, na vidole vingine vikimbie kama vimeona nyoka. Kidole gumba changu hakitaki. Nami si mtu wa kulazimisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua jambo! Asubuhi nzima nimejilaza kitandani nikitazama kwenye simu video za Bingwa akifundisha. Dada alipita mlangoni akauliza kama huko ndiko kujiandaa. Nikamwambia huu ni utafiti. Na ni utafiti kweli! Katika video zote, hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefika ukurasa wa pili. Anapiga mistari michache, Bingwa anainua mkono, anasema asante, asante sana, kisha anazungumzia bega, kiwiko na pumzi mpaka muda unakwisha. Masikini, walijifunza wimbo mzima wa nini?

Nitajifunza ukurasa wa kwanza tu. Nitaupika uive. Wenzangu wana bidii, mimi nina akili.

Mchana chuoni nilimsikia Bi Mazoezi chumba cha pili akihangaika na ukurasa wa mwisho wa wimbo wake. Nilimhurumia mpaka nikatabasamu.

Jumatano, 5 Machi

Ukurasa wa kwanza, tangu kifungua kinywa. Unaanza kung'aa! Nyumbani hawana shukrani. Dada ameuliza kama wimbo huu hukatika kama umeme, maana kila ukifika mahali pazuri unazima. Shemeji, mume wake, sasa anaupiga mluzi akinyoa ndevu. Anafika pale pale ninapoishia, anabaki na wembe hewani, anangoja. Akanibana nimwambie wimbo unaendeleaje. Nikasema mwendelezo si muhimu. Jirani wa juu naye anatwanga sakafu kila ninaporudi mwanzo.

Nilirudi mwanzo.

Alhamisi, 6 Machi

Nusura ninaswe. Leo ilikuwa zamu yangu kufanya mazoezi na Mpiga Piano, mzee wa chuo anayesindikiza wanafunzi wote na hapendi maneno mengi. Tulipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, nilipiga chafya. Tukaanza upya. Mwisho wa ukurasa, nikasema uzi umelegea. Tukaanza upya. Mwisho wa ukurasa, mguu ukafa ganzi. Akanitazama juu ya miwani, akauliza kwa utulivu kama nimewahi kwenda hospitali.

Kisha nikacheza siasa! Mwalimu alinipanga nipige wa kwanza. Wa kwanza ana muda mwingi, mimi nataka ule mkia wa darasa ambapo watu wameshaanza kutazama saa. Nikasimama mbele ya wote, nikasema kwa unyenyekevu kwamba heshima hiyo namwachia Bi Mazoezi, nami niwe wa mwisho. Mwalimu mdomo wazi. Bi Mazoezi alinishukuru mpaka nikaona haya. Haya yenyewe iliisha kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Hakukaliki. Nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, nafungua mfuko wa chelo, naufunga. Roho iko juu juu. Itakuwaje kama kesho hatainua mkono? Upuuzi. Ataacha vipi kuinua, ndiyo kazi yake!

Lakini mchana niliufungua ukurasa wa pili, kwa heshima tu. Nikapandisha kidole gumba juu ya nyuzi. Kikachubuka. Nikaufunga. Nikatazama video nyingine, mkono wa Bingwa ukapanda kama kawaida, nikatulia. Nikaifuta chelo vumbi kwa shati langu jipya. Naipenda chelo hii. Sijui kwa nini kupenda kitu lazima kuambatane na kazi nyingi hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika chini ya shuka, mwandiko na uvumiliwe.

Ukumbi ulijaa. Dada na Shemeji wako mstari wa mbele, ingawa niliwakataza. Bi Mazoezi akaanza. Hakumaliza hata mstari wa pili, mkono wa Bingwa ukapanda! Nilitaka kupiga vigelegele. Akafundishwa bega, akafundishwa pumzi, na niseme kweli, ile chelo mbovu ikaanza kutoa sauti ya mgonjwa aliyepona. Waliofuata vivyo hivyo, asante, asante sana. Mimi nangoja, kichwa juu.

Zamu yangu. Jamani, nilipiga! Nikamtupia Bingwa jicho, nikingoja mkono. Mkono haukupanda. Amefumba macho! Ameegemea kiti! Mstari wa mwisho huo unakuja. Nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena, nusura tusimame. Nikakohoa. Wapi! Mpiga Piano akageuza ukurasa kwa furaha ya mtu aliyesubiri sana.

Nikarudi mwanzo. Nifanyeje? Mpiga Piano akanikodolea macho, kisha akarudi nami, muungwana yule. Ukumbi haukushtuka, nyimbo nyingi hurudia. Bingwa akafumbua jicho moja. Nilipofika tena mwisho wa ukurasa, nikarudi mwanzo mara ya tatu. Hapo Shemeji, kwa mazoea tu, akaanza kuufuatisha kwa mluzi. Watu wakavunjika mbavu.

Ndipo mkono ukapanda. Saa hizi! Bingwa akaja, akazinyanyua karatasi zangu za nota kila mtu azione. Ukurasa wa kwanza mweusi tii kwa alama za penseli. Wa pili mweupe pe. Akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza, kwamba yeye huwakatiza wanafunzi kwa sababu mwanzo wao haujakaa sawa, na mimi nilikuwa wa kwanza kwa miaka mingi ambaye yeye hakuona sababu ya kumkatiza. Alikuwa anataka kusikia yaliyo mbele. Akaniomba nimpigie.

Nikapandisha kidole gumba. Kilichotoka sikiandiki. Dada alitazama dari mpaka mwisho.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu alikuja mwenyewe kuichukua chelo. Hakunikaripia. Akasema tu kwamba jana, kwa ukurasa mmoja, alijivunia kunifundisha. Kisha akaibeba akashuka nayo ngazi, akiniachia ile yenye ufa. Nililia. Naandika kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jioni Bi Mazoezi akapiga simu. Hakucheka. Akasema anaweza kuja kila siku tufanye mazoezi ya kidole gumba pamoja, na kwamba akiigusa chelo mpya anajisikia mwizi. Nikamjibu nitafikiria. Ujeuri kama wake sijapata kuuona.

Akaongeza habari moja. Bingwa amekubali kurudi mwisho wa muhula, na Mwalimu amesema atakayemfurahisha siku hiyo ndiye atakayekaa na chelo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeliona kosa langu! Limenijia nikipiga mswaki. Mambo yote yalikuwa sawa, utafiti ulikuwa sahihi, zamu ilikuwa nzuri. Nilianza vizuri mno, basi! Mtu akianza vile, nani atamkatiza? Mwisho wa muhula nitauharibu mstari wa kwanza, Bingwa atainua mkono mapema, atanirekebisha, nami nitarekebika papo hapo. Ataona maendeleo kwa macho yake. Chelo hiyo inarudi nyumbani!

Ila kuharibu nako si mchezo. Ukizidisha utafukuzwa, ukipunguza atafumba macho tena. Ni lazima liwe kosa la heshima, na lisipotee hata mtu akiwa na wasiwasi. Nimejifungia chumbani tangu asubuhi nalifanyia kazi, mstari ule ule, mpaka vidole vinawaka moto. Adhuhuri Bi Mazoezi akagonga mlango, akauliza kama tuanze ukurasa wa pili. Nikamwambia kupitia tundu la ufunguo kwamba anisamehe, nina mazoezi.

Bega baya nimeshalipata. Bado kiwiko.