Nyambizi Iliyomo Gerejini

Jumatatu, 3 Machi
Maureen kaingia gerejini kutafuta ufagio. Mke wangu huyu hajawahi kuutafuta ufagio mahali pengine popote. Kakuta pampu mbili za nyambizi, mlango wa chuma wa duara, na vali yangu ya shaba. Akasema gari linalala mvuani huku vyuma vikilala pakavu. Nikamwambia si vyuma, ni vipuri. Akauliza: vipuri vya nini, Norman, una nyambizi? Swali la kitoto. Kanipa mpaka Jumamosi, kisha anamwita mtu wa vyuma chakavu. Na huyu kazaliwa hapa hapa Gosport, mji uliolishwa na nyambizi!

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka vali kwenye klabu yetu ya historia ya bandari, niombe wanihifadhie vitu vyangu. Nikawaeleza kwamba ni ya kufyatulia makombora. Hebbes, katibu, aliyefanya kazi nyambizini na asiyetuacha tusahau, akaigeuza mara moja tu. Ni ya chooni, akasema. Ukikosea kuifungua, bahari inakurudishia ulichoipa, usoni. Watu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Ombi langu halikusikilizwa. Kweli, mimi nilikuwa dereva wa basi. Lakini hata basi lina vali.

Jumatano, 5 Machi
Hebbes kahutubia klabuni kuhusu meli za biashara zenye silaha. Nilikwenda kumzomea. Nikasahau kuzomea! Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zetu za mizigo za Uingereza zilificha mizinga nyuma ya mbao. Nyambizi ya Wajerumani ikitokea, nusu ya mabaharia wanajifanya kukimbia: mashua, makelele, mmoja kabeba hata kasuku tunduni. Nyambizi inaibuka, inasogea kumaliza kazi. Mbao zinaanguka, mizinga hiyo. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nami nitajifanya mnyonge.

Alhamisi, 6 Machi
Pampu zimo kwenye maboksi niliyoyaandika MAPAMBO YA KRISMASI. Mlango uko chini ya hema la zamani. Vali nimeizika kwenye mbolea ya bustani. Nikamwambia Maureen nimeviuza vyote. Nikatoa na machozi kidogo; labda nilizidisha. Akanikatia pai. Maskini mume wangu, akasema. Nilikula pai yote.

Ijumaa, 7 Machi
Maureen kasema hawezi kuniona na huzuni hivi, anakwenda kwa dada yake, mjini Fareham. Kaondoka kwa kishindo: begi, mwavuli, viatu vya mvua, na kasuku wetu tunduni akipiga kelele mtaa mzima. Nilipunga mkono mpaka gari likakata kona. Adui kakimbia!

Nikavitoa vyote, nikavipanga uani vipate jua. Nilikuwa nimepiga magoti napaka mlango mafuta niliposikia lori likija kinyumenyume. Mtu wa vyuma chakavu. Akasema, “Mama alisema utakuwa umeshavitoa, mzee wangu. Asante, umetupunguzia kazi.” Nyuma ya lori, gari letu. Maureen ndani, anakula biskuti, kasuku pembeni yake. Kumbe Jumatano, Hebbes alipohutubia, naye alikuwa nyuma ukumbini, akigawa chai.

Niliumia, siandiki uongo. Nilimwomba aniachie kimoja tu. Kaniachia vali. Kasema mimi nayo tunafanana.

Jumapili, 9 Machi
Gari liko gerejini. Pembeni pamebaki nafasi ndefu, nyembamba, inatia uchungu kuitazama. Mchana mjane mmoja wa Portsmouth kapiga simu: marehemu mumewe kaacha darubini ya nyambizi, nzima, ndefu kuliko nyumba, na anaitoa bure. Maureen ndiye aliyepokea, akanipa simu. Nilipomaliza akaniambia kamkumbuka sana dada yake, atakwenda tena Alhamisi. Na kasuku pia.

Bahati gani hii! Nimemwambia mjane ailete Alhamisi hiyo hiyo.