Kilimanjaro Isogezwe Mbali Kidogo

Ndoo na Masufuria kwa Jumla,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Desemba

Ndugu Meneja wa Ratiba,
Shirika la Ndege la Mbayuwayu.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UFUPI WA SAFARI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ndege zako. Mimi si mzima, na sababu ni bango lenu la pale Msimbazi, lisemalo kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro ni saa moja tu. Mpwa wangu Caroline alilipiga picha akamtumia mama yangu mzazi, huko Machame, Kilimanjaro. Tangu siku hiyo sina raha.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka tisa nimemweleza mama kwamba siji Krismasi kwa sababu nyumbani ni mbali. Alinielewa, maana basi linakula siku nzima. Nyinyi mmeivunja hoja hiyo bila hata kunishirikisha.

2. Kila mwaka mbuzi akichinjwa, mama hunitengea fungu langu la nyama, mimi mtoto wake wa kwanza wa kiume. Hulitundika juu ya meko likaukie hapo hadi Februari, kisha mdogo wangu Theophil hulila kwa niaba yangu. Mwaka huu mama amesema hatengi tena. Eti mtu aliye umbali wa saa moja ni jirani, na jirani huja kula mwenyewe.

3. Mwezi uliopita nilikwenda kwa wakwe zangu Kigamboni, ng'ambo tu ya maji hapa Dar, na foleni ya kivuko pale Magogoni ikanipotezea saa mbili. Kwa kiherehere changu nikamsimulia mama. Amepiga hesabu: Kigamboni ni mbali kuliko Machame mara mbili, na huko nimefika. Mke wangu ameiunga mkono hesabu hiyo.

4. Jirani yangu wa duka, Ndugu Harilal, akienda kumwona shangazi yake Mumbai hupewa saa kama sita angani. Mimi, kumwona mama mzazi, napewa moja! Haitoshi hata kutunga maneno ya kuingilia mlangoni. Huu ni ubaguzi.

Usinifikirie mtoto mbaya. Mwaka wa kwanza nilizuiwa na wateja, maana Desemba ndiyo msimu wetu. Mwaka wa pili nilizuiwa na aibu ya mwaka wa kwanza, na tangu hapo aibu inazaana yenyewe.

Kwa hiyo naomba ndege ipitie Mwanza, izunguke ziwa mara nne, itue Dodoma kupumzika, ndipo ifike. Ikishindikana, uwanja wa Kilimanjaro uhamishiwe karibu na mpaka wa Burundi. Ndoo za kubebea kifusi nitazitoa mimi.

Nisalimie marubani, wahudumu, na mafundi wanaokaza nati.

Wako katika ujenzi wa taifa na uuzaji wa ndoo,
Elimringi

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, dada yangu Blandina amepiga simu. Mama ameteleza mgombani akavunjika nyonga. Yuko hospitalini, na kila anayeingia wodini, mama humwita Elimringi. Barua hii nimeileta mwenyewe, niko hapo nje ya ofisi yako. Hayo ya juu usiyasome. Naomba kiti kwenye ndege ya leo, popote, hata karibu na choo. Na hiyo saa moja, ndugu yangu, ni ndefu mno. Mwambie rubani akanyage mafuta.