Mimi, Nyumba ya Wapagazi na Barabara ya Malori

Jumatatu, 3 Machi 1997

Wamefika. Gari jeupe, vibarua wanne, na injinia mwanamke kutoka Moshi, anaitwa Sia. Wamepigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kutoka ufukweni hapa Ujiji hadi juu Kasingirima. Barabara itapanuliwa ili malori ya chakula cha wakimbizi yasikwame tena kwenye tope. Jambo jema.

Ila vigingi vinapita katikati ya Nyumba ya Wapagazi! Nyumba walimolala wapagazi wa misafara kabla ya kubeba mizigo kwenda pwani, enzi za babu wa babu zetu! Siku hizi wanalala humo Wakongo waliovuka ziwa mwezi uliopita, familia tatu, wakingoja kupelekwa kambini Kasulu.

Jioni mtaa umeunda kamati ya kuitetea. Mwenyekiti: Mzee Asumani, ambaye ukoo wake ndio unaotunza ufunguo wa Nyumba hiyo. Kura kumi na tisa. Mimi, Bonaventura, karani mstaafu wa reli, nimepata kura moja. Nilijipigia. Mke wangu Restituta amekiri bila haya kwamba alimpigia Asumani. Nimetupiwa ukatibu.

Asumani anataka tumweleze injinia ukweli kuhusu Nyumba, kwa upole. Upole! Mbele ya katapila! Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Nimetengeneza kibao. Rangi nyeupe, herufi nyeusi: MZUNGU MASHUHURI ALILALA HAPA, 1871. Jina sikuandika, nisije nikabanwa kwa maswali. Serikali haivunji mahali alipolala Mzungu.

Saa nne injinia akasimama, akasoma, akauliza ni chumba kipi. Sikutegemea swali hilo. Nikamwonyesha cha kushoto, kizuri zaidi, chenye sakafu ya saruji. Akainama, akapangusa vumbi kwa kiatu. Kwenye saruji fundi alikuwa amechora kwa kidole: 1964.

Nikasema labda Mzungu alirudi. Injinia akacheka hadi akashika ukuta. Ana meno mazuri. Asumani hakucheka. Aliomba kibao akitumie kufunikia pipa la maji.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya: jini. Vibarua ni watu wa mbali, wataogopa tu.

Asubuhi nimemnong'oneza Bonifasi, kinyozi, kwamba Nyumba ya Wapagazi ina jini la kike lisilopenda vyuma. Kufikia adhuhuri jini lilikuwa na mume. Kufikia alasiri lilikuwa na kwato, na shemeji wa Bonifasi alikuwa ameshasalimiana nalo. Safi kabisa!

Vibarua hawakuogopa. Wanasema kwao kuna makubwa zaidi. Walioogopa ni kamati yangu. Mkutano wa saa kumi ulikuwa uwe ndani ya Nyumba, lakini hakuna aliyevuka kizingiti. Tumekutana juani. Nimeandika muhtasari huku jasho likidondokea karatasi.

Nikaenda kuwahurumia Wakongo, nikijua watakuwa wamefungasha mikeka. Mama Elida, mkubwa wao, alikuwa anakaanga dagaa kwa mawese, ametulia kabisa.

"Papa," akaniuliza, maana kwao baba ni papa, "hilo jini lina bunduki?"

Nikasema halina.

"Basi litatuzoea."

Akanipakulia. Nimekula sahani mbili. Nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge kidogo, lakini dagaa walikuwa watamu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango usioshindwa! Mchana huu, wanaume wamekwenda msikitini na vibarua wamekwenda kula, nimeng'oa vigingi vyote vilivyokuwa mbele ya Nyumba ya Wapagazi. Nimevisogeza hatua kumi upande wa kulia, kuelekea bonde lisilo na mtu. Nimevipigilia kwa mchi wa Restituta. Barabara sasa inaipita Nyumba kwa mbali! Na Asumani hajui chochote! Leo nitalala usingizi wa mwenyekiti.

Jumamosi, 8 Machi

Restituta ameniamsha saa moja. Kuna alama ya X nyekundu, ya nyumba za kubomolewa, kwenye ukuta wa nje wa sebule yetu. Rangi bado mbichi.

Nimetoka nje. Bonde lipo kulia ukiwa umelipa ziwa mgongo. Mimi nililitazama ziwa, na kwa haraka nikavipigilia kwenye viwanja vyetu wenyewe bila kuinua macho.

Vibarua wamefuata vigingi: X kumi na moja! Kwangu, kwa Bonifasi, kwa mjane Marsiana, upande wetu wote wa barabara. Majirani wametoka na vitenge viunoni. Wote wanajua. Eti Marsiana aliniona kupitia dirishani na akadhani nimeajiriwa. Bonifasi amesema nisikanyage tena kwenye kibanda chake cha kunyolea.

Nilimngoja Asumani anitukane. Bora angenitukana. Alitazama alama, akanitazama mimi, akasema Jumatatu twende wote tukazungumze na injinia.

Restituta amenipa ugali mkavu. Sikudai mboga.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa furaha!

Injinia alikuja amekunja uso. Akauliza nani amehamisha vigingi. Nikasema upepo. Mtaa mzima ukanigeukia. Nikasema basi, ni mimi.

Kabla hajajibu, Asumani akamwomba aingie ndani kwa dakika moja. Tukaingia wote, hata walioogopa jini. Akamwonyesha mwimo wa mlango wa nyuma. Nimeupita mwimo huo maisha yangu yote nikidhani umeliwa na mchwa. Kumbe ni chale za kisu, mamia! Kila mpagazi alikata chale moja siku ya kuondoka, na ya pili kando yake siku ya kurudi.

Injinia akapitisha vidole, taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Hizi zilizo peke yake?" akauliza.

Asumani akasema hao hawakurudi. Chale ya babu yake mmoja ni ile pale, karibu na bawaba.

 Mama Elida akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Injinia akatoka nje, akachukua utepe wake, akapima kwa saa nzima. Kisha akasema bonde halifai, malori yatazama. Lakini vigingi vilivyohamishwa na upepo vimemfanya autazame upande wetu. Nyumba zetu hazihitaji kuguswa. Kila kaya ikitoa mita mbili za uwanja wa mbele, barabara itajipinda na Nyumba ya Wapagazi itabaki.

Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Restituta. Hakuniuliza! Kisha Marsiana. Kisha yote kumi na moja. Vigelegele! Mama Elida akamshika injinia mkono, wakacheza katikati ya barabara, na kofia ngumu ya injinia ikadondoka mtaroni.

Jumatano, 12 Machi

Wakongo wameondoka leo kwenda kambini. Kabla ya kupanda lori, Asumani alimpa Mama Elida kisu. Akakata chale moja kwenye mwimo. Akasema ya pili atakuja kuikata akiwa njiani kurudi kwao. Watoto wake wakashangilia. Tumeshangilia wote. Nimempa koti langu la mvua. Nilitaka kumpa kitu kikubwa zaidi, ila sikuwa nacho.

Jumamosi, 15 Machi

Sherehe! Migebuka ya ziwani ya kuchoma, ngoma, wali. Bonifasi amenisamehe, amenyoa kichwa changu bure, ingawa upande mmoja zaidi. Injinia alisema hadharani kwamba ukweli wa Mzee Asumani ndio uliookoa nyumba. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Asumani akaja kunong'ona kwamba bila vigingi vyangu tusingefika. Mtu mwema kweli. Mwenyekiti wa kupigiwa mfano. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumapili, 16 Machi

Habari kubwa! Asumani alitungoja nje ya kanisa baada ya misa, akatangaza kwamba wataalamu wa mambo ya kale watakuja wiki ijayo kuiangalia Nyumba ya Wapagazi. Mwimo mmoja tu wa mlango! Watasafiri siku mbili kwa treni kuja kutazama mbao?

Nimechukua mtungi wa Restituta, nimeutoboa, nimeupaka masizi na kuufukia nyuma ya Nyumba ya Wapagazi. Restituta anaulizia mtungi wake mtaa mzima. Avumilie. Wataalamu wakifika, utakuwa umetimiza miaka mia moja na hamsini.