Mkwaruzo wa Lenzi na Mtu wa Sabuni

Jamani, aibu ya leo siwezi kulala nayo peke yangu.

Patron wangu, mwenye studio ya picha hapa Mbugangari, ameniacha nipige harusi peke yangu kwa mara ya kwanza. "Ukiharibu," akasema, "unarudi kukata picha za pasipoti."

Nikafika ziwani, mahali pa kupigia maharusi picha. Nikafuta lenzi. Mana yangu, Mungu wangu! Katikati kuna mkwaruzo, mwembamba kama unywele. Nikaona tayari uso wa bibi harusi umepasuka vipande viwili. Kumpigia patron simu niliogopa. (Mimi hata kuomba chumvi naogopa.)

Nikapata akili. (Wakati ule niliiita akili.) Kama mkwaruzo uko katikati, watu wakae pembeni. Katikati niache maji tu, mkwaruzo ubaki huko peke yake.

"Songeni kidogo. Tena. Tena kidogo."

Shangazi wa bibi harusi akanikazia macho. "We kijana, mbona unatuweka kando sawa watu wenye hawakualikwa?"

"Ni mtindo wa sasa, tantine," nikajibu chinichini. (Mtindo gani? Sijui.)

Wakafurahi! Nikapiga mpaka jasho likanitoka, macho yangu kwa bibi harusi tu.

Tulipomaliza, wakaizunguka kamera. Kisha tantine: "Na huyu iko nani?"

Nikaangalia. Katikati ya kila picha, ndani ya maji, kuna mwanaume anaoga. Povu kichwani. Picha ya kwanza anasugua kwapa. Ya mwisho anatupungia mkono! Anaonekana vizuri kuliko bwana harusi, aliyebaki sikio na bega.

"Yewe! Donc, basi, hii ni ndoa ya nani?" tantine akauliza.

Kurudia haikuwezekana. Mvua ilishaanza, na magari ya kwenda ukumbini yalikuwa yanapiga honi. Mtu wa sabuni mwenyewe akatoka majini, taulo kiunoni, akanifuata: "Kijana, na zangu nitachukulia wapi?"

Na mkwaruzo? Nimekuza kila picha. Hauonekani popote. Hata kidogo!

Patron hakunigombeza. Alitazama picha zote, akashusha pumzi, akanipa makasi.

"Kesho pasipoti. Kule, angalau, mtu anakaa katikati."

Nimechoka, jamani. Ukija kupigwa ya pasipoti, kaa kwenye kiti, tazama mbele, na usiniulize habari za sabuni.