Maoni Yangu kwa Tovuti Isiyonijua

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa na kompyuta.

Saa nne asubuhi, nikisubiri plasta ikauke pale karakana, nilifungua ile tovuti ya vitabu nitafute riwaya mpya. Miaka sita nasoma upelelezi tu. Mauaji, wizi wa benki, maiti ndani ya friji. Wenyewe wanajigamba kwa herufi kubwa hapo juu: Tunakujua kupitia unachosoma. Haya. Leo wamenichagulia vitatu. Macho Yanapofifia. Kupika kwa Kunusa na Kugusa. Na cha tatu, Fimbo Nyeupe: Hatua za Mwanzo.

Mimi natengeneza meno ya bandia. Ufa ambao daktari wa meno hauoni kwa miwani yake na taa yake, mimi nauona nikiwa mlangoni. Macho yangu ndiyo kazi yangu.

Niliwaandikia maoni papo hapo, aya tano. Niliwapa nyota moja kwa sababu sifuri hawakuiweka. Nilipoinua kichwa, plasta ilikuwa imekauka kupita kiasi na kalibu limepasuka. Taya la juu la mwalimu mkuu mmoja limekwenda na maji. Lawama ni zao.

Jumanne, 4 Machi

Wamejibu. Anayejibu anajiita Mhudumu wa Wasomaji. Mpole mno. Watu wapole mno siwaamini.

Amenishukuru kwa maoni yangu "yenye kina". Kisha akaeleza kwamba mapendekezo hufuata matumizi ya akaunti, na kwamba kwa miezi miwili akaunti yangu imetafuta vitabu vinavyohusu macho mara arobaini. Akauliza kama kuna mtu mwingine wa familia anayeitumia.

Nikamjibu kwamba katika familia hii msomaji ni mimi peke yangu, na kwamba mke wangu husoma maelezo ya kwenye chupa za dawa tu, basi. Bahati mbaya mke wangu alikuwa nyuma yangu na chai.

Chakula cha mchana kimelika kimya kimya. Baadaye akaniuliza ni nani mwingine anayejua neno langu la siri. Nikamwambia hakuna. Nikamkumbusha kwamba mimi katika kila riwaya humjua muuaji kabla ya ukurasa wa arobaini, kwa hiyo kama kungekuwa na mtu anayejipenyeza kwenye mambo yangu ningekuwa wa kwanza kujua. Akasema "mh". Hiyo "mh" naishi nayo mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Jumatano, 5 Machi

Leo wamevuka mpaka. Pendekezo jipya: Ndugu Waliokosana: Nani Apige Simu Kwanza?

Nani kawaambia? Mimi na dada yangu mkubwa hatusemeshani mwaka wa tatu, tangu tulipogawana vitu vya marehemu mama. Yeye alichukua kabati la vitabu. Mimi nikachukua vitabu. Sasa yeye ana kabati tupu na mimi nina maboksi kumi na moja kwenye ujia, na mke wangu hupita ubavu ubavu akienda bafuni. Kosa ni la dada. Kila mtu anajua. Lakini hayo ni ya nyumbani, si ya kompyuta.

Safari hii nimeandika kwenye ukurasa wa maoni wa wazi, watumiaji wote wasome. Nimetumia maneno "fedheha" na "kwa masikitiko yasiyo kifani". Baada ya nusu saa, mtu anayejiita Kurasa Mia akaandika chini yake kwamba labda tovuti inanijua kuliko ninavyojijua. Watu arobaini na mmoja wakabonyeza kuonyesha wanakubaliana naye.

Kwangu mimi amebonyeza mmoja. Ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata dawa ya Kurasa Mia. Nimejisajili mara tatu zaidi. Wa kwanza Bibi Tulizo, mkunga mstaafu, mpole, asiyependa makuu. Wa pili Kapteni, mkali kidogo. Wa tatu Msomaji wa Kweli. Wote wameniunga mkono kwa nguvu zote.

Tatizo ni kwamba kila anayejisajili lazima ataje vitabu vitano anavyovipenda. Nikataja vilivyonijia kichwani. Na tovuti ikampendekezea Bibi Tulizo riwaya ya mweka hazina wa kwaya aliyekutwa amekufa ndani ya tangi la maji lililofungwa kwa kufuli. Kitabu ninachokitafuta mwaka mzima. Wamempa Bibi Tulizo, mtu ambaye hayupo. Mimi niliyepo napewa fimbo nyeupe.

Ilipofika adhuhuri Kurasa Mia ameandika kwamba inashangaza jinsi mkunga, kapteni na watu wengine wawili wote wana masikitiko yasiyo kifani. Kapteni alipandwa na hasira akamjibu vikali. Kwa bahati mbaya Kapteni alijibu kupitia akaunti yangu, na chini akatia sahihi: Kapteni.

Tisini na saba wanakubaliana na Kurasa Mia.

Mchana nimesaga jino la mbele la mteja mpaka limekuwa dogo kama punje. Daktari wa meno amepiga simu kuuliza kama mambo nyumbani ni salama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeacha utoto wa kubishana. Nimetumia akili.

Nimemwandikia Mhudumu moja kwa moja: kuna mwizi ndani ya akaunti yangu. Nataka atolewe, na kila alichohifadhi kifutwe. Mhudumu akajibu kwamba ni kweli ipo simu nyingine inayotumia akaunti hiyo, lakini si ya jana wala juzi, ina miaka minne. Imehifadhi vitabu sitini na vitatu vya kusikiliza, na kila kimoja kina alama ya pale msikilizaji alipoishia. Vikifutwa havirudi. Akanisihi niulize kwanza katika familia.

Nikamjibu kwa maneno matatu. Futa. Vyote. Leo.

Saa tano wamefuta. Saa tano na dakika mbili nikapata mapendekezo mapya: mauaji matatu na utekaji mmoja. Nimesafisha meno nikiimba.

Jioni mke wangu akauliza mwizi mwenyewe alikuwa nani. Nikasema hilo halinihusu tena. Akashangaa kwamba kuna mwizi anayeingia kwa watu ili asikilize vitabu vya mapishi. Nikamwambia wahalifu ni watu wa ajabu.

Jumamosi, 8 Machi

Mpwa wangu amekuja karakana. Ni binti wa dada, anafundisha udereva, na tangu msiba wa bibi yake hajawahi kukanyaga hapa. Alisimama katikati ya mataya yangu na hakutaka kiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kwema huko?"

"Si kwema sana. Vitabu vya mama vimepotea kwenye simu. Vyote. Tangu jana amekaa tu kitandani, hata redio hataki."

Nikamwambia kama ni vitabu vya simu, mama yake ana macho, asome vya karatasi kama watu wengine.

"Hana, mjomba," akasema. "Jicho la kushoto lilikwenda mwaka jana. La kulia linafuata. Alitukataza tusikwambie."

Nilikuwa nimeshika taya la chini. Nikaliweka mezani.

"Ile akaunti si ulimpa wewe," akaendelea, "wakati ule alipovunjika mguu? Neno la siri ni jina la yule mbuzi wenu wa utotoni. Kila mwezi mama analijaribu kama bado linafungua. Likifungua anafurahi. Anasema mdogo wake angekuwa amemchukia kweli, angelibadilisha."

Nikakaa.

Sikulibadilisha kwa sababu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimpa. Hilo sikumwambia mpwa. Nimelimeza mwenyewe. Nilimwambia nitashughulikia. Akauliza nitashughulikia nini. Nikasema plasta yangu inakauka.

Mhudumu nimemwandikia mara nne. Amejibu kwa upole wake ule ule kwamba vilivyofutwa vimefutwa. Namchukia. Anayestahili kuchukiwa si yeye, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu hakunigombeza. Aliweka viatu vyangu mlangoni, ncha zikielekea nje.

Nilipofika kwake, dada alikuwa amekaa karibu na dirisha. Kabati la mama limesimama ukutani, tupu, isipokuwa chupa za dawa ya macho na redio. Amekonda. Nilikohoa tu, akageuza uso upande niliko, lakini macho yakatua pembeni ya bega langu.

"Ni wewe uliyefuta?"

Nikamwambia ni tovuti.

"Mdogo wangu."

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ni mwizi."

Akasema alikuwa amefika sura ya kumi na moja ya kile kitabu cha mapishi. Mwandishi alikuwa anakaribia kueleza jinsi ya kumimina maji ya moto bila kuungua. Alikuwa anakihitaji. Akanionyesha kiganja cha kushoto, kina kovu jekundu ambalo sikulijua.

Nilitaka kumkasirikia mtu. Nikatazama chumba kizima, sikumpata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja na mfuko wa matunda, ukakaa hapo unanihurumia. Sikutaka. Nilitaka uje tugombane kama zamani."

Basi tukagombana. Nikamwambia kabati lilikuwa langu, mama alinitamkia. Akaniambia mama alinitamkia mambo mengi ili nimwache alale. Akasema simu yake ilimsomea maoni yangu yote, aya kwa aya, mpaka akacheka akashika ubavu, na kwamba Bibi Tulizo alimtambua kwenye sentensi ya kwanza, maana hakuna mkunga duniani mwenye gubu namna ile. Nilipokuwa naondoka alinishika mkono wa shati na hakuuachia upesi.

Nimemwahidi nitamsomea mwenyewe. Kila siku.

Jumatatu, 10 Machi

Nimembebea boksi la kwanza. Saa kumi na moja jioni nimeanza kumsomea, saa mbili mfululizo, glasi nne za maji. Sura ya pili nikamdokezea muuaji ni nani ili asihangaike. Hakunishukuru. Maelezo ya mandhari niliyaruka kwa kuwa hayasaidii uchunguzi, akaniuliza mbona watu wametoka sebuleni na kufika msituni bila kufungua mlango. Akasema pia kwamba wanawake wote nikiwasoma wanaongea kama daktari anayemwambia mtu afungue kinywa.

Watu wa shukrani ni wachache. Hata hivyo nimeweka vitabu ishirini kwenye kabati, naye akavipapasa migongo, kimoja kimoja, akitaja kila kimoja kwa unene wake. Alipatia vyote isipokuwa viwili. Nilikaa pale nikamtazama. Sijakaa hivyo na mtu siku nyingi.

Nimerudi nyumbani koo likiwaka. Mke wangu amenitilia asali kwenye chai bila kuombwa.

Jumatano, 12 Machi

Mpwa amemfungulia mama yake akaunti mpya, yake mwenyewe. Mhudumu amewasaidia hata kupata tena vile vitabu sitini na vitatu, kimoja kimoja kwa kutafuta majina. Kile cha mapishi amekimaliza. Jambo jema. Nimefurahi.

Lakini dada ameniomba, kwa adabu kubwa, niwe naenda mara mbili tu kwa wiki. Nikauliza kulikoni. Ikabainika kuna mwanamume. Ni msimulizi wa vitabu vya kusikiliza, sauti nzito, laini, kama mtu aliyezaliwa kwenye godoro. Dada amempa nyota tano. Ameandika na maoni, ambayo mpwa alinisomea huku akijizuia kucheka: "Huyu anasoma kilichoandikwa."

Mimi nimempasulia koo langu bure. Huyo hata hamjui.

Mke wangu anasema nishukuru, dada amerudi kwenye vitabu vyake na mimi nimerudi kwa dada. Anasema pia kwamba mtu yeyote mwenye busara angeachana na ile tovuti leo hii. Nimekubaliana naye neno kwa neno. Kisha akatoka kwenda dukani.

Nimejisajili kama Mjane Mpole. Mjane Mpole ameeleza, kwa utulivu mkubwa, kwamba msimulizi huyo anavuta pumzi kwa kelele, anameza herufi za mwisho, na kwamba wasomaji wengi wanaumia moyoni ila wanaona haya kusema. Akashauri aondolewe mara moja. Akaongeza kwamba jirani yake, fundi mmoja wa meno mwenye sauti ya kipekee, anapatikana kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni.

Wamejibu kwamba maoni yake yatashughulikiwa ndani ya siku tatu.

Siku tatu. Mjane mzima, na uchungu wote ule, anaambiwa asubiri siku tatu. Sasa hivi anaandika barua kwa meneja.